Huyu Atarudishwa Jumamosi

Paka yuko chini ya kitanda changu, na leo ni siku ya kumi na moja. Nilimchukua kwa wanawake wawili wanaookota paka wa mitaani hapa Nakuru, nikatia sahihi karatasi yenye mstari mmoja nilioupitia mara tatu: ukishindwa naye, mrudishe kwetu, usimtupe. Tangu aingie sijamwona mzima. Naona macho, naona ncha ya mkia, asubuhi naona sahani imelambwa. Amenikwaruza mkono mara mbili, na juzi amekojoa kwenye zulia la sebuleni. Binti yangu, aliye chuo kikuu Eldoret na mwenye jibu la kila kitu, aliniambia kwa simu, "Mum, si umrudishe tu? Wamesema wenyewe inakubaliwa. Utapewa mwingine ako na adabu." Nilikata simu nikakaa ukingoni mwa kitanda, na ule woga wa zamani ukaanza kunipanda kutoka miguuni, mimi mwanamke wa miaka arobaini na saba mwenye nyumba na funguo zake mwenyewe. Mwezi uliopita tulimzika Tata Gathoni. Kwetu tata ni shangazi au mama mdogo, dada wa mzazi wako, na huyu alikuwa dada wa mama. Tangu tumzike, neno hilo la kurudisha siwezi kulisikia bila kurudi kwenye mwaka niliopelekwa kwake.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kwa nini nilitoka kwetu Ndabibi si habari ya leo. Kila nyumba ina mambo yake, na yetu ilikuwa nayo ya kutosha. Nilipelekwa kwa Tata, mtaa wa Section 58 hapa Nakuru, kuanza darasa la saba. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba vitatu, na sebule haikuwa sebule hasa bali kiwanda. Tata alikuwa anafuma sweta za shule kwa mashine, ile ndefu ya kusukuma mkono kulia na kushoto, krrr, krrr, tangu alfajiri. Kila kiti kilikuwa na rundo la sweta za rangi ya damu ya mzee na za kijani, na juu ya kila rundo kitambaa cheupe cha kufumwa ili vumbi lisiingie. Mimi nililala katika chumba kidogo nyuma ya jikoni, pamoja na magunia ya uzi. Watoto wao wawili, mkubwa akiwa Nekesa, walikuwa shule za bweni. Mume wake, Anko Wafula, alitoka magharibi, akafanya kazi ya zamu kiwandani, na kwa kuwa yeye alikuwa Mluhya na Tata Mkikuyu, lugha ya nyumba ile ilikuwa Kiswahili. Nayataja haya ya lugha kwa sababu ndiyo yaliyonikoroga, na baadaye ndiyo yaliyoniokoa.

Nilimwogopa Anko. Sikuwahi kumwona akimpiga mtu, wala hakunipiga. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye viatu vizito ambavyo nilivisikia tangu getini, na hakuwahi kuniita kwa jina. Angesema, "Huyu amekula?" au, "Mwambie huyu afunge mlango." Mezani tulikula ugali na mrenda alioupenda, mboga inayoteleza kwenye vidole, na mimi niliyekulia viazi na njegere nilikuwa naisukuma kwenye sahani huku na huku nikiomba asiwepo anayeniangalia. Tata alikuwa akisema, "Wewe kula. Hapa hakuna mtu anakula mtu." Nilijaribu. Tonge la pili nililificha chini ya ukingo wa sahani. Na kila asubuhi, kabla jogoo wa jirani hajawika, niliamka nikiwa nimelowa.

Naandika jambo hilo hapa bila kupepesa macho kwa sababu nimezeeka kiasi cha kutosha. Kwetu Ndabibi nilikuwa nimeacha kukojoa kitandani tangu nikiwa na miaka minne. Section 58 ilianza siku ya pili. Nilikuwa nageuza godoro, naikunja shuka upande mkavu juu, kisha naulalia ule unyevu ili mwili wangu uukaushe kabla ya kwenda shule. Niliisugua sakafu kwa sabuni ya kipande mpaka mikono ikachubuka. Harufu haikuondoka. Ilihamia kwenye magunia ya uzi, na niliijua maana ya jambo hilo: uzi ule ungekuwa sweta, na sweta ile ingevaliwa na mtoto wa mtu, na mama yake angeinusa. Nilikwenda shule na kurudi nikiwa na hesabu moja tu kichwani, kwamba siku za mwizi ni arobaini na zangu zinakaribia.

Paka aliletwa wiki ya pili kwa sababu ya panya. Walikuwa wakitafuna uzi, na usiku mmoja walikula mkono mzima wa sweta ya oda. Tata akanichukua tukaenda mtaa wa Milimani kwa Mwalimu Esther, mwalimu mstaafu aliyekuwa mteja wake, mwenye nyumba kuukuu ya mawe na veranda na paka wengi kuliko viti. Alitupa dume dogo la rangi ya majivu. "Ukishindwa naye mrudishe hapa hapa," alimwambia Tata. "Usimwache sokoni. Watu wanawaacha sokoni wakidhani wameonyesha huruma." Tata akamtia kwenye kiondo, akafunika kwa leso, na tulipofika getini akasimama, akashika kamba za kiondo kwa mikono miwili, akazunguka pale pale mara tatu, mama mzima mwenye kofia ya kanisa. Nilicheka, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu nifike. Nikamuuliza anafanya nini.

"Namzungusha asijue njia," alisema. "Paka usipomzungusha, kesho utamkuta amerudi kwao. Lazima kichwa chake kipotee kidogo, ndiyo akae."

Kicheko kilinikatika hapo hapo. Mimi nilikuwa nimekuja kutoka Ndabibi kwenye kiti cha mbele cha pikapu ya kabichi, macho wazi, mchana kweupe, na nilikuwa nimeona kila kitu: Naivasha, Gilgil, Kikopey, Mbaruk, Lanet. Niliweza kuyataja majina hayo mbele na nyuma. Hakuna mtu aliyenizungusha. Kwa akili ya mtoto mwenye hofu jambo likawa wazi kabisa, na nashangaa hata leo jinsi lilivyokuwa wazi: mtu huzungushwa akiwa anatakiwa akae. Mimi njia yangu ya kurudi ilikuwa imeachwa wazi makusudi.

Tulifika nyumbani, Tata akafungua leso, paka akaruka na kuingia nyuma ya magunia ya uzi katika chumba changu. Huko alikaa. Sikumwona akishika panya hata mmoja, ingawa panya walipungua kidogo kwa heshima. Usiku nilisikia akilamba maji. Nilitaka kumpa jina, Tata akakataa. "Ngoja kwanza akae mwezi. Ukimpa jina halafu hakukaa, utalia bure." Basi alikuwa hana jina, na mimi nilikuwa na jina ambalo mwenye nyumba hakulitumia, na sote wawili tuliishi chumba kimoja, hatuli vizuri, tukisikiliza viatu.

Jumanne moja, baada ya chakula, nilikuwa jikoni nikisugua sufuria ya ugali. Mlango wa sebule haukufungika vizuri. Mashine ilinyamaza, na nikamsikia Anko.

"Mama Nekesa, huyu tumemvumilia. Hiyo harufu naipata nikiwa huko nje kwa gate. Wateja wako pia wanaipata, wananyamaza tu."

"Ni mgeni bado. Atazoea," Tata alijibu.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hata jembe hawezi. Anakula? Hakuli. Ukimwita anajificha. Wacha arudi alikotoka, huko wamemzoea."

Nilikuwa nimeshika sufuria kwa mikono yote miwili, maji yakitiririka mpaka kwenye viwiko, na sikuthubutu kuiweka chini isilie.

"Sawa, Baba Nekesa," Tata alisema mwishowe. "Nipe mpaka Jumamosi. Huyu atarudishwa Jumamosi."

"Umesema?"

"Nimesema."

Nataka msomaji aelewe ni woga wa namna gani huo. Sikujua wanamzungumzia nani. Nililisokota kila neno usiku ule. Harufu: yangu, lakini wao wangeweza kudhani ni yake. Hakuli: sote wawili. Anajificha: sote wawili. Kesho yake shuleni, kana kwamba Mungu naye ananitania, mwalimu wa Kiswahili alifundisha ngeli ya A-WA. Akaandika ubaoni: mtoto huyu, paka huyu. Mtoto amelala, paka amelala. Akaeleza kwamba ngeli hii hubeba viumbe vyote vyenye uhai, watu kwa wanyama, bila ubaguzi. Kisha akaninyooshea chaki. "Nyokabi, tupe sentensi yako." Nikasimama, nikasema, "Huyu atarudishwa Jumamosi." Mwalimu akauliza, "Nani? Mtoto au paka?" Darasa likacheka. Niliketi, nikawa naiandika sentensi ile daftarini na kuifuta hadi kengele ya mapumziko.

Alhamisi alfajiri nilifanya nililolifanya. Niliamka nimelowa kama kawaida, lakini safari hii sikugeuza godoro. Nilipapasa nyuma ya magunia mpaka nikampata paka, nikamvuta kwa shingo, nikamweka katikati ya ule unyevu na kumkandamiza pale. Alinikwaruza kifundo cha mkono. Alama iko mpaka leo, mstari mweupe ambao huonekana nikipigwa na jua. Kisha nikaita kwa sauti, "Tata! Tata! Paka amekojoa kitandani!"

Tata alikuja na taa ya mkono. Alimulika kitanda, akammulika paka, ambaye alikuwa amejikunja pembeni masikio yamelala, kisha akanimulika mimi, polepole, kutoka kichwani kushuka.

"Paka mdogo hivi," alisema, "mkojo wote huu?"

Nilificha mkono uliokwaruzwa nyuma ya mgongo.

"Haya. Vua hilo gauni. Amekukojolea mpaka mgongoni."

Ilichukua miaka mingi kabla sijaisikia sentensi hiyo vizuri. Siku ile nilisikia tu kwamba ameniamini, nikavua gauni kwa haraka ya mtu aliyeponea chupuchupu. Asubuhi Tata alimwambia Anko mlangoni, nami nikasikia, kwamba paka ana tabia mbaya. Anko alifunga kamba za viatu akaenda.

Jumamosi Tata alinitayarisha kwa namna iliyonimaliza nguvu. Aliniosha nywele, akanivalisha nguo yangu ya Ndabibi, ile niliyokuja nayo, na sweta mpya aliyoifuma mwenyewe. Hakuna aliyeniambia tunakwenda wapi. Aliingia chumbani akatoka na kiondo kimefunikwa leso, akasema, "Twende." Nikaangalia kama begi langu liko mlangoni. Halikuwapo, lakini nikajiambia huenda litatumwa baadaye. Nilitembea nyuma yake kupitia barabara kuu nikiwa nasema kimoyomoyo, Lanet, Mbaruk, Kikopey, Gilgil, Naivasha. Tulipokaribia kituo cha magari ya kwenda Naivasha nilipunguza mwendo. Tulikipita. Hapo ndipo niliposikia kitu kikilia ndani ya kiondo, sauti ndogo isiyokatika, na nikajua kwamba anayerudishwa si mimi. Nilifurahi, lazima niseme hivyo. Nilifurahi mpaka nikaruka mfereji bila sababu, na furaha hiyo ndiyo ninayoionea aibu kuliko uongo wenyewe.

Tulipofika kwenye kona ya kupanda Milimani nilimuuliza Tata, "Mbona leo humzungushi?"

"Anarudi kwao," alisema. "Anayerudi kwao hafichwi njia."

Mwalimu Esther alikuwa verandani akichambua mchele. Alipoona kiondo akaweka ungo chini. "Amefanya nini?" aliuliza.

"Hajafanya kitu," Tata alisema.

Niliangalia viatu vyangu. Nilikuwa nimesubiri aseme mkojo, aseme kitanda, na nilikuwa nimetayarisha uso.

"Siku kumi na mbili tu, Gathoni. Kama hajafanya kitu, mbona unamrudisha?"

"Nyumba ndiyo imeshindwa, Mwalimu. Si yeye. Niko na mmoja tu naweza kumshikilia saa hii. Wawili siwezi."

Mwalimu Esther alinitazama, kisha akamtazama Tata, na nadhani watu wazima hao walimaliza mazungumzo yao hapo bila mimi kujua. Alimtoa paka kwenye kiondo. "Sitakuambia umekosea," alisema. "Afadhali anayerudisha kuliko anayeweka mtu kwa chuki. Lakini ujue, wiki mbili za kwanza hujaona paka. Umeona woga wake tu. Paka mwenyewe anakuja baadaye." Akamweka sakafuni karibu na mama yake, jike kubwa lenye sikio lililochanika. Mama alimsogelea, akamnusa kichwani, akanusa mgongo, kisha akafoka na kumpiga kofi la uso. Paka akakimbilia chini ya veranda. "Ananusa nyumba nyingine," Mwalimu alieleza. "Hamjui tena." Nilishika sketi ya Tata kwa mkono mmoja, kitu ambacho sikuwa nimefanya tangu nifike. Nilikuwa nimewaza siku zote kwamba kurudishwa ni kurudi. Sikuwa nimewaza kwamba unaweza kufika kwenu ukanuka nyumba nyingine.

Jioni Anko alitoka zamu. Kazi yangu ilikuwa kummiminia maji ya kunawa mikono kabla ya chakula. Nilisimama mbele yake na birika na beseni. Aliniangalia, akamgeukia Tata.

"Ulisema Jumamosi."

"Nimemrudisha," Tata alijibu, akipakua ugali. "Asubuhi. Hata ukitaka uliza Mwalimu Esther."

Anko alifungua mdomo. Mikono yake ilikuwa juu ya beseni, imekaa tu, na mimi nilikuwa namimina maji bila kujua niache lini. Aliufunga mdomo. Alitazama maji yakijaa beseni, akatazama tena uso wangu, na Tata akaendelea kupakua bila kumwangalia, tonge baada ya tonge, mkono thabiti. "Sawa," alisema mwishowe, na akakung'uta vidole. Hapo ndipo nilipoogopa upya, tena vibaya zaidi. Kama ni paka waliyekuwa wakimsema, kwa nini amenitazama hivyo? Na sasa katika nyumba ile alibaki "huyu" mmoja tu.

Nililala na nguo zote. Nilijibana, nikasali, nikakataa maji tangu saa kumi. Jumapili alfajiri niliamka na shuka imelowa mpaka miguuni, na hapakuwa na paka. Naweza kuandika kuhusu njaa, kuhusu kuzaa, kuhusu siku niliyoambiwa matokeo ya hospitali, lakini sijawahi kuogopa kuliko nilivyoogopa nikiwa nimeketi kwenye godoro lile nikisubiri kupambazuke. Sikugeuza kitu. Sikukunja kitu. Tata alipofungua mlango nilikuwa nimeshaanza kupanga nguo zangu kwenye mfuko wa nailoni.

Alisimama, akaangalia mfuko, akaangalia kitanda. Kisha akavuta pumzi na kupaza sauti, sauti ya mwanamke anayemwita mtu upande wa pili wa barabara, huku chumba cha Anko kikiwa hatua sita tu kutoka pale.

"Ai! Huyu paka jameni! Ameacha harufu mpaka ndani ya godoro! Hii itachukua hata mwaka kuisha!"

Kutoka chumbani kwao kikatoka kikohozi kimoja. Basi.

Haikuchukua mwaka, ilikwisha Septemba. Tata alinishonea karatasi ya nailoni kutoka magunia ya uzi, akaiweka chini ya shuka, na magunia yenyewe akayahamishia sebuleni, ambako hapakubaki mahali pa mgeni kuketi. Kila harufu ilipotokea, kosa lilibaki la paka, paka ambaye alikuwa Milimani, na sote watatu tulilishikilia kosa hilo kwa uso mkavu. Akiondoka paka panya hutawala, na kweli walitawala. Walitafuna uzi mpaka Tata akaning'iniza marobota darini kwa kamba. Hakulalamika. Anko naye, siku moja ya mwezi wa nne, alinyoosha kidole kwenye bakuli la mrenda akasema, "Nyakobi, ongeza mboga." Hakulitamka sawasawa, na hakuwahi kulitamka sawasawa mpaka alipofariki, lakini niliongeza mboga, na niliila.

Desemba nilitumwa Milimani peke yangu kupeleka sweta. Paka alikuwa juu ya tangi la maji, mkubwa, mnono, wa rangi ile ile ya majivu. Mwalimu Esther alisema anamwita Jumamosi, kwa siku aliyorudi. Alisema pia kwamba alikaa chini ya veranda miezi mitatu bila kuguswa na mtu, na mama yake hakumpokea kamwe. Nilimwambia, bila kupanga, "Mwalimu, si yeye aliyekojoa. Ni mimi." Yeye akasema, "Mwambie mwenyewe." Nikasimama chini ya tangi, nikamwambia Jumamosi kwamba si yeye, ni mimi. Aliendelea kulamba mguu.

Mwaka jana, Tata alipokuwa hawezi tena kutoka kitandani, nilimuuliza swali nililolibeba miaka thelathini na minne. Nilikuwa nampa uji kwa kijiko. "Tata, ile Jumanne, mlikuwa mnasema juu ya paka au juu yangu?" Nilidhani atauliza paka gani. Alimeza uji wake, akacheka bila sauti.

"Baba Nekesa alikuwa anasema juu yako," alisema. "Mimi nilikuwa najibu juu ya paka."

"Na yeye alijua?"

"Alijua. Lakini angesema nini? Asimame mbele ya mtoto ameshika birika, aseme, mimi nilimaanisha huyu mwingine? Wafula hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu anaogopa kusema jina. Nikamwacha na huyu wake." Akafungua mdomo tena kwa kijiko.

Kwa hiyo binti yangu akinipigia tena nitamwambia nilichoshindwa kumwambia juzi. Sisemi kurudisha paka ni dhambi. Mwalimu Esther alikuwa sahihi, kuna nyumba zinashindwa, na anayeshindwa akarudisha mlangoni alikochukua ni bora mara mia kuliko anayemwacha sokoni au anayemlisha kwa chuki. Lakini mimi nilimsukumia mwenzangu kosa langu ili arudishwe yeye, na miezi mitatu ile chini ya veranda ilikuwa yangu. Yule chini ya kitanda changu amekojoa kwenye zulia. Zulia limefuliwa. Siku kumi na moja sijaona paka bado, na ninaogopa, naye anaogopa, na nyumba hii haijashindwa.

Kuna kitu cha Jumapili ile nilichokiruka makusudi. Baada ya kukohoa kwa Anko, Tata alichukua mfuko wangu wa nailoni, akaumwaga kitandani, nguo zote, kisha akanishika mkono akanitoa nje kupitia mlango wa jikoni. Uani kulikuwa na kamba ya nguo na beseni na ubaridi wa asubuhi. Nilidhani ananipeleka kupigwa. "Funga macho," alisema. Nikafunga. Nilihisi mikono yake miwili ikinishika mabegani, mikono yenye harufu ya mafuta ya mashine, na akanizungusha. Mara moja. Mara ya pili, kwa nguvu zaidi, mpaka nikapoteza kiatu kimoja. Mara ya tatu. Akaniachilia, nikayumba, nikashika kamba ya nguo. Nilipofungua macho niliyatafuta yale majina, Lanet, Mbaruk, Kikopey, nikageuka huku, nikageuka kule, na sikujua Ndabibi iko upande gani.